Ati Tuko Milioni 47? Cheki Venye Unaweza Kujua Kama Hesabu ya Sensa Imepikwa

Unakumbuka ile wikendi ya Agosti 24, 2019? Mabaa ziliamriwa kufungwa saa kumi na moja jioni, wasee wa sherehe wakarudi keja mapema kama watoto wa shule, na usiku makarani wa sensa wakaanza kuzunguka mtaani na tableti mkononi. Mlango ukagongwa. Mkaulizwa mko wangapi, nani amelala hapa leo, mnapikia nini, choo ni ya aina gani, mna TV ama hamna.

Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, Rais Uhuru Kenyatta akatoa matokeo. Wakenya tulikuwa 47,564,296.

Soma hiyo namba tena. Hawakusema milioni 47 na kitu. Walihesabu hadi yule msee wa mwisho kabisa, wa sita baada ya tisini. Na bado ukiuliza mtaani, hutakosa mtu wa kukuambia mlango wao haukugongwa hata siku moja. Sasa kama huyo hakugongewa, yule wa sita walimpata wapi?

Hilo ni swali la maana, na si wewe wa kwanza kuliuliza. Kenya imebishania hizi hesabu bungeni, kortini na kwa matanga. Leo tunachambua: namba ya sensa hutengenezwa aje, huharibika wapi, na wewe ukiwa na simu yenye kalkuleta unaweza kuipima aje bila kungojea mhesh akuambie.

KWANI INAKUHUSU NA NINI?

Inakuhusu kwa sababu ya vitu viwili ambavyo wanasiasa hawalali juu yake: doo na viti.

Tuanze na doo. Katiba inasema kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu. Halafu kuna fomula ya kugawa hizo pesa kwa kaunti zote 47. Fomula ya kwanza iliweka asilimia 45 ya mgao kwa idadi ya watu peke yake. Yaani kwa kila shilingi, karibu nusu ilienda kwa kuangalia mko wangapi. Mwaka wa 2020 Seneti ilikwama wiki nyingi ikibishania fomula mpya, na hapo ndipo ule msemo wa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" ulikuwa kila mahali. Fomula iliyopita mwishowe ilishusha idadi ya watu hadi asilimia 18, na ikaongeza vitu kama afya. Lakini hata hivyo vingine, huwezi kuvipima vizuri kama hujui mko wangapi.

Viti nazo? Kenya ina maeneobunge 290. Wakati wa kuchora mipaka, tume huchukua idadi ya watu wote na kugawa kwa 290. Kwa sensa ya 2009 ilitoka watu 133,138 kwa kila mbunge. Kwa sensa ya 2019 ni karibu 164,000. Katiba inaruhusu mjini na sehemu zenye watu wachache kuzidi ama kupunguka kwa asilimia 40, na sehemu zingine asilimia 30. Ukipita hapo, eneo linaweza kukatwa ama kumezwa na jirani.

So mtaa wenu ukihesabiwa vibaya, mtakaa miaka kumi na dawa za watu 50,000 mkiwa 80,000. Foleni ya hospitali itakuwa ndefu, halafu mtaambiwa ni nesi mvivu. Kumbe ni hesabu.

MILIONI MOJA YA KIBERA

Cheki hii stori. Kwa miaka mingi, ukisikia Kibera ikitajwa, ulisikia na "milioni moja". Ilikuwa kwa magazeti ya nje, kwa hotuba, kwa barua za kuomba ufadhili. Wengine walipandisha hata zaidi ya milioni. Namba ikarudiwa hadi ikawa kama sala. Hakuna aliyeuliza nani alihesabu.

Halafu sensa ya 2009 ikasema Kibera ina watu 170,070.

Manze, watu walikasirika. Ati gava imeficha watu. Na hasira hiyo haikutoka hewani, kwa sababu sehemu kama Kibera ni ngumu kuhesabu kweli. Kuna msee wa shifti ya usiku, kuna mwenye hana kitambulisho na anaogopa kila mtu aliye na fomu, kuna keja imekatwa na pazia katikati na ndani ni familia mbili.

Lakini tupige hesabu. Kibera ni kama kilomita 2.5 za mraba. Hizo ni mita za mraba milioni 2.5. Ukiweka watu milioni moja hapo, kila mtu anapata mita 2.5 za mraba. Kitanda cha nne kwa sita kina kama mita 2.2. Yaani ungefaa uchukue Kibera yote, na reli ndani, na vichochoro, na mashule, na makanisa, na misikiti, na vibanda vya mboga, na vyoo, na mto, uijaze vitanda vya nne kwa sita bila nafasi ya kupita, na kila kitanda kiwe na mtu.

Wasee wa Kibera wamebanana, hilo halibishaniwi. Lakini hawajabanana hivyo. Watafiti waliochora ramani ya Kibera nyumba kwa nyumba miaka hiyohiyo walitoa makadirio ya kati ya 200,000 na 270,000. Hiyo ni juu ya namba ya gava, lakini iko mbali sana na milioni. Na 2019, kaunti ndogo yote ya Kibra ilihesabiwa watu 185,777.

Sasa ona mambo mawili hapa. La kwanza, namba ya gava inaweza kuwa ndogo kuliko ukweli. La pili, namba ya mtaani inaweza kuwa uongo mkubwa zaidi. Kukataa namba ya gava hakumaanishi ile yako ni sahihi. Kila namba ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu zake.

MANDERA: MLIKUWA WENGI SANA, SASA MKO WACHACHE

Hii ndiyo stori iliyofika hadi kortini.

Mwaka wa 1999, Mandera ilikuwa na watu 250,372. Mwaka wa 2009 ikawa 1,025,756. Miaka kumi tu, na watu wamekuwa mara nne.

Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya nchi, halafu palepale akasema amefuta ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Mashariki, Mandera Magharibi, Turkana ya Kati, Turkana Kusini na Turkana Kaskazini. Sababu ilikuwa kwamba watu waliongezeka kuliko uzazi na vifo vinavyoweza kueleza, na mpangilio wa umri na jinsia haukukaa kawaida.

Viongozi wa huko wakaruka. Wakaenda kortini. Na cha ajabu ni kwamba jumla ya nchi, 38,610,097, ilibaki vilevile na hao watu ndani, na ndiyo iliyotumika kuchora maeneobunge 290.

Ikafika 2019. Mandera ikahesabiwa 867,457. Ukitoa, watu 158,299 wamepungua, wakati karibu kila mahali pengine Kenya watu waliongezeka. Wamama waliacha kuzaa? Watu walihama? Ama ya kwanza ndiyo ilikuwa imefura? Kesi nyingine ikaenda kortini, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa, na kuagiza watu wahesabiwe upya.

Jiweke kwa viatu vya kijana wa Mandera. Sensa moja unaambiwa nyinyi ni wengi mno, hatuwaamini. Sensa inayofuata unaambiwa nyinyi ni wachache, na hiyo tunaiamini. Hata kama kila karani alifanya kazi yake vizuri, huyo kijana ataamini gava aje?

Na usikimbilie kusema "walipika". Kuna maelezo kadhaa, na yanaweza kuwa kweli yote kwa wakati mmoja. Labda 1999 walihesabiwa wachache mno, kwa sababu wafugaji huhama na barabara ni mbaya, kwa hivyo kuongezeka kwa 2009 kulikuwa kunaziba pengo la zamani. Labda kuna watu walivuka mpaka kutoka Somalia wakikimbia vita. Labda pia kuna waliongezwa kwa kalamu. Shida ni kwamba baada ya miaka mingi hakuna anayeweza kukuambia kila sababu ilichangia ngapi.

WATU HUPOTEA AJE, NA WATU HEWA HUTOKA WAPI?

Sensa ya Kenya huhesabu mtu pale alipolala usiku uliowekwa. Haijalishi wewe ni wa wapi. Mkenya, mkimbizi, mtalii, mgonjwa hospitalini, msafiri kwa basi, wote wanahesabiwa mahali walipokuwa usiku huo.

Watu hupotea hivi. Ploti ina milango 24, karani anapata 9 imefungwa, anamuuliza caretaker, na caretaker anasema "hapo ni watu wawili" na kumbe ni watano. Apatimenti zenye geti, askari anamfukuza karani. Familia za mtaani zimehama kona. Mfugaji amefuata maji kilomita hamsini. Mtoto mchanga anasahaulika, kwa sababu mathe akiulizwa "mko wangapi" anahesabu wanaokula ugali.

Watu hewa nao hutoka hivi. Mhesh anaambia watu wake warudi ushago wahesabiwe huko, ili kaunti ipate. Kijana wa Pipeline anapanda basi, lakini kule mtaani rafiki yake wa keja anamtaja pia. Ashahesabiwa mara mbili. Ama shosho anaulizwa watoto wako ni wangapi, anataja wote saba, na hadi yule ako Qatar. Hapo hakuna aliyedanganya. Ni mama anataja watoto wake. Na mwisho kuna ile ya makusudi kabisa: karani anakaa chini ya mti na kujaza nyumba ambazo hazipo.

Tableti za 2019 zilisaidia kiasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuacha karatasi, na data iliweza kutumwa haraka. Lakini tableti haijui kama shosho amemtaja mtu wa Qatar.

VITU VITATU UNAWEZA KUCHEKI MWENYEWE

1. Kasi ya kuongezeka. Chukua 70, gawa kwa asilimia ya ongezeko la kila mwaka. Jibu ni miaka ya watu kuwa mara mbili. Wakiongezeka kwa asilimia 3, ambayo ni kasi kubwa, watachukua kama miaka 23 kuwa mara mbili. Mandera ya 1999 hadi 2009 iliongezeka mara mbili, halafu mara mbili tena, ndani ya miaka 10. Hiyo ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Wazazi peke yao hawawezi hiyo kazi, hata wakijaribu aje. Ukiona namba kama hiyo, uliza: watu walihamia, hesabu ya kwanza ilikuwa mbaya, ama ya pili ndiyo mbaya?

2. Wanaume kwa wanawake. Watoto wakizaliwa, wavulana huwa wengi kidogo, kama 105 kwa wasichana 100, halafu wanaume hupungua na umri. Kenya ya 2019 ilikuwa na wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na watu wa jinsia mbili 1,524. Hiyo ni kama wanaume 98 kwa wanawake 100, na inaingia akilini. Lakini ukipata eneo ambalo wanaume wamezidi wanawake sana na hakuna migodi, kambi ya jeshi ama kiwanda cha kuwavuta, kuna kitu.

3. Umri. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Shosho anakuambia alikuwa msichana mkubwa wakati wa njaa ya 1984, karani anaandika umri kwa kukisia. Kwa hivyo sensa huwa na watu wengi wenye miaka 30, 35, 40, 45, kuliko wenye 31 ama 43. Hiyo ni kawaida na inarekebishika. Lakini kwa watu hewa, anayewatunga hukosa akili ya kuwapa umri kama wa binadamu wa kweli. Anaandika watoto wengi sana wa miaka kumi, na waliofaa kuwa watoto wachanga hawapo. Hapo ndipo hukamatwa.

Na kuna njia ya kulinganisha na vitabu vingine. Watoto waliodungwa chanjo ni wangapi? Walio darasa la kwanza ni wangapi? Picha za setilaiti zinaonyesha mabati mangapi? Kama sensa inasema watu wameongezeka mara tatu, na mabati ni yaleyale, na madarasa ni yaleyale, unajua mahali pa kuuliza.

KOSA LA JANA HUHARIBU YA KESHO

Hii watu wengi huiruka. Kutoka 1999 hadi 2009, Kenya iliongezeka kwa kama asilimia 3 kwa mwaka. Kutoka 2009 hadi 2019 ikashuka hadi kama asilimia 2.2. Wataalamu wakasema Wakenya wanazaa watoto wachache, na ni kweli, ukiangalia familia yako na ya babu yako utaona. Lakini kama namba ya 2009 ilifura hata kidogo, basi huko kushuka kunaonekana kukubwa kuliko kulivyo. Na hizo asilimia ndizo hutumika kukisia mtakuwa wangapi mwaka huu, mtahitaji walimu wangapi, maji kiasi gani. Unajenga nyumba juu ya mawe mawili, na moja linacheza.

SI SISI PEKE YETU

Kama unadhani hii ni shida ya Kenya, cheki Nigeria. Sensa yao ya mwisho ilikuwa 2006, ikasema wako 140,431,790. Jimbo la Lagos lilipewa kama milioni 9, likakataa, kwa sababu lilikuwa na hesabu yake ya zaidi ya milioni 17. Jimbo la Kano, kule kaskazini, likatangazwa kuwa na watu wengi kuliko Lagos. Mwaka wa 2013, mwenyekiti wa tume yao ya idadi ya watu, Festus Odimegwu, alisema nchi haijawahi kuwa na sensa ya kuaminika tangu 1816, na mwaka huohuo akaondoka kazini. Hiyo ya 2023 waliyopanga iliahirishwa. Kwa hivyo ukisikia "Nigeria ina watu milioni mia mbili na kitu", jua ni makisio juu ya hesabu ambayo wenyewe wanabishania.

Ukilinganisha, Kenya angalau imehesabu kila miaka kumi bila kuruka tangu 1969. Hiyo si kitu kidogo. Ndiyo inatuwezesha kubisha, kwa sababu tuna kitu cha kulinganisha.

SO TUAMINI AMA TUSIAMINI?

Iko hivi. Zile namba kubwa, kama jumla ya nchi ama Nairobi kuwa na watu 4,397,073, haziwezi kuwa mbali sana na ukweli, kwa sababu makosa ya huku na kule hufutana. Lakini tarakimu za mwisho zisikudanganye. Hakuna binadamu anayejua kama tulikuwa 47,564,296 ama 47,900,000. Na kadiri unavyoshuka, kutoka nchi hadi kaunti, hadi wadi, hadi mtaa, ndivyo kosa moja linavyouma zaidi. Kukosea watu 10,000 kwa nchi nzima ni kama kudondosha senti. Kukosea watu 10,000 kwa wadi moja ni watoto wa miaka kumi kukosa darasa.

Dawa inajulikana. Baada ya sensa, watu wengine hufaa kurudi kwa sehemu chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wahesabu upya, walinganishe na ya kwanza, halafu watangaze kosa ni asilimia ngapi. Hiyo ndiyo ya kudai. Badala ya kupigia kelele "namba ni feki", uliza: mlirudi kuhesabu wapi? Mlipata tofauti gani? Mbona hamkuitangaza mara moja na kwa sauti ileile mliyotangaza ile milioni 47?

Sensa inayofuata kwa ratiba ni 2029. Wengi wenu mnaosoma hapa ndio mtakuwa wenye keja, na wengine ndio watakuwa makarani wenyewe, wakitafuta hiyo kibarua. Ukigongewa, fungua. Taja mtoto mchanga. Mtu wa Qatar mwache Qatar. Mhesh akikutumia nauli ya kwenda ushago kuhesabiwa, kula nauli ukitaka, lakini jua hospitali utakayopanga foleni Januari ni ya mtaa unaolala, na hiyo ndiyo umeinyima mtu mmoja.

Na wewe je, 2019 mlango wenu uligongwa, ama ni caretaker aliwajibia?